Bao ni la Nani?

Hebu tuulizane, ndugu msomaji. Kipa kaanzisha, beki kampasia winga, winga kachanja mbuga mpaka karibu na kibendera, kapiga krosi. Namba tisa kaugusa mpira mara moja tu, wavuni! Bao hilo ni la nani? Ukiuliza swali hili kijiweni watakucheka: la aliyefunga, bwana! Hata redioni hutajwa jina moja. Lakini mimi swali hili limeninyima raha tangu nikiwa kijana wa Shinyanga mjini.

Mchukue George Mpole. Msimu wa 2021/22 Geita Gold walikuwa wageni Ligi Kuu. Mpole akapachika mabao 17, akamwacha Fiston Mayele wa Yanga na 16. Bao moja tu! Mtu wa timu ya mji wa machimbo kawa mfungaji bora mbele ya straika wa mabingwa. Baadaye mwaka 2022 akavuka mpaka kwenda Lubumbashi kuchezea Lupopo. Geita Gold wakashuka daraja mwaka 2024. Timu ilishuka, lakini zile 17 hazikushuka, zimeandikwa kwa jina la Mpole. Waliomlisha mipira, wangapi kati yetu tunaweza kuwataja?

Kwa upande mwingine, tusimwonee mpokeaji. Marekani wana mpira wao wa kubeba mikononi, na humo kuna mchezaji ambaye kazi yake ni kukimbia na kudaka anachorushiwa. Jerry Rice, aliyestaafu mwaka 2005, alidaka mara 1,549 katika mechi za ligi. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na mwenyewe husimulia kwamba mikono yake ilizoea kudaka kwa kurushiwa matofali kazini. Kumbe kupokea nako ni kazi! Mpira haumfuati aliyezubaa. Lakini Joe Montana na Steve Young, waliokuwa wakimrushia, nao wana heshima kubwa kule. Sisi winga wetu tunampa nini?

Nauliza kwa sababu nilikuwa winga. Tulicheza fainali ya mtaa kwenye kiwanja cha vumbi, Ngokolo. Dakika za mwisho nikapiga krosi, rafiki yangu akaruka, kichwa, bao. Pembeni alikuwapo jamaa anayetafutia timu kubwa vijana. Akamchukua rafiki yangu. Usiku ule rafiki alikuja nyumbani akaniambia, "Mshikaji, bila wewe nisingefunga." Nikamjibu, "Kawaambie wao." Nikanuna miaka.

Maisha yakanipeleka Nyarugusu, Geita, kuchimba dhahabu. Zamu yetu tulikuwa wanne: wawili chini ya duara na nyundo na moko, wawili juu wakizungusha winchi ya mbao, kutushusha, kutupandisha, na kuvuta mifuko ya mawe. Siku moja moko wangu ukagonga mwamba wenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Kelele! Mpaka jioni jina langu lilishafika kwenye makarasha na mwaloni. Nilitembea kama mfalme.

Mwenye shamba akachukua mifuko yake, mwenye duara akachukua yake, tukabaki na yetu. Hapo nikafungua mdomo. Nikasema wavuta kamba wasilingane na sisi tuliogonga mwamba, maana dhahabu kaiona nani? Mmoja wao, kaka mtu mzima aliyenishusha na kunipandisha miezi mitatu bila kunidondosha hata siku moja, akanitazama. Akasema, "Mdogo wangu, chini ulifikaje?"

Sikuwa na jibu. Lakini mfuko sikuuongeza. Alichukua kidogo alichopewa, akaondoka. Nilipomtafuta baadaye niliambiwa kahamia machimbo mengine.

Usiku ule ndipo nilipoikumbuka krosi ya Ngokolo. Yaani miaka yote niliyonuna nilidhani napigania haki ya watoa pasi. Kumbe nilikuwa nalilia nafasi ya mfungaji! Nilipoipata, nikafanya vibaya kuliko rafiki yangu. Yeye angalau alikuja kusema.

Kwa hiyo leo nikiulizwa, nasema hivi: bao ni la mfungaji, aandikwe, amelikimbilia. Lakini sifa ameshikishwa tu, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa wenzake stendi. Akiondoka nao wote mgongoni, huyo tunamwitaje?

Nasi tunaotunga tusijifanye hayatuhusu. Hadithi unayoitia jina lako, ulisimuliwa na nani? Bibi? Konda wa basi la Kahama? Mimi hii nimeiandika kwa mkono niliopandishwa nao kutoka shimoni na mtu ambaye simuoni tena. Kama anasoma, ajue mfuko wake bado nadaiwa.