Nani Aliyetenda? Sentensi ya Kiingereza na Amana ya Mfasiri

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni sentensi timamu: wapiganao wametajwa, waumiao wametajwa, na kila mmoja amewekwa mahali pake. Si kila sentensi iliyoandikwa juu ya pwani ya kusini ina adabu hiyo.

Na tuutazame mlango wa mto Ruvuma. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa mto huo uwe mpaka baina ya milki zao. Mwaka 1894 Wajerumani walivuka upande wa kusini, wakaitwaa Kionga pamoja na pembe ndogo ya ardhi inayoizunguka. Mwaka 1916, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, Wareno waliirejesha mikononi mwao, na mwaka 1919 wenye kushinda vita wakawathibitishia. Hivi leo Kionga imo Msumbiji, na ng'ambo ya mto ni mkoa wa Mtwara. Wenyewe wa Kionga hawakuulizwa, si mara ya kwanza wala ya mwisho.

Kiingereza chaweza kulieleza tukio la 1894 kwa ufupi hivi: "Kionga was occupied in 1894." Kisarufi, sentensi hii haina ila. Kiima chake ni Kionga, kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na wakati umetajwa. Lakini Kionga haikutenda lolote, ilitendwa. Hapa ndipo mwanafunzi wengi wao hupotea, kwa kuwa wamefundishwa kwamba kiima ni mtenda. Kiima ni cheo cha neno ndani ya sentensi, na mtenda ni mtu au kitu katika ulimwengu. Vyeo hivi viwili mara nyingi huvaliwa na mmoja, lakini si daima.

Katika Kiingereza, nafasi ndiyo igawayo vyeo. Neno litanguliapo kitenzi huwa kiima, na lifuatapo huwa yambwa. Ukiandika "The Germans took Kionga" kisha ukayabadili majina mahali, Kionga itakuwa imewateka Wajerumani. Kiswahili kimewakabidhi viambishi sehemu kubwa ya kazi hiyo. "Wajerumani waliitwaa Kionga" na "Kionga waliitwaa Wajerumani" ni habari moja, kwa sababu "wa-" inamwashiria aliyetwaa na "-i-" kilichotwaliwa. Ni pale tu majina mawili yanapokuwa ya ngeli moja, kama mbwa na mamba, ndipo nasi hulazimika kutegemea mpangilio. Washairi wanaijua neema hii. "Kionga waliitwaa" ni mizani nane kamili, na ingawa Wajerumani wamesukumwa mbele kwa ajili ya kina, mtenda hajaachana na kitenzi chake.

Basi swali ni hili: mwandishi asipomtaja mtenda, je, mfasiri ana haki ya kumtaja? Wako wasemao hana. Matini ni amana, na aliyepewa amana haongezi wala hapunguzi. Wako wengine wasemao kwamba kunyamaza juu ya dhuluma ni kuishiriki. Pande zote mbili zina hoja, lakini kauli ya kutendwa inatoa njia. "Kionga ilitwaliwa" haimtaji mtu, lakini inamwachia nafasi, msomaji huuliza mara moja, "Na nani?" Mfasiri ameitunza amana, na pengo limebaki wazi lionekane.

Mtihani mzito zaidi uko pale Kiingereza chenyewe kinapokuwa na nyuso mbili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikiwa kiasi cha pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Tuseme mtu ameandika: "The money was lost." Mfasiri ataandika "zilipotea" au "zilipotezwa"? Kiingereza hakimlazimishi kuchagua, Kiswahili kinamlazimisha. Fedha zilizopotea ni kama mbuzi aliyejiendea porini. Fedha zilizopotezwa zina aliyezipoteza, hata kama jina lake halikuandikwa. Hapa mfasiri hawezi kukaa katikati, na kamusi haimwamulii. Itambidi ayajue mambo yenyewe: kwamba ukame na udongo mgumu vilikuwapo, lakini pia kwamba mitambo ilipelekwa porini kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Ukame hauamui kutumia pauni. Neno la haki ni "zilipotezwa".

Wala asijidai mtu kwamba Kiswahili ni malaika. Ni sisi tusemao "makosa yamejitokeza", kana kwamba makosa yana miguu. Ni sisi tusemao "mali imepotea" huku mpotezaji ameketi nasi barazani. Kauli ya kutendwa humwacha mtenda mlangoni; "kujitokeza" na "kupotea" huufunga mlango wenyewe.

Kwa hiyo kujifunza kiima, kitenzi na yambwa si kwa ajili ya mtihani wa darasani peke yake. Mtoto wa mvuvi wa Msimbati, mahali ichimbwapo gesi ya Mnazi Bay, huenda siku moja akatiliwa mkononi karatasi ya Kiingereza isemayo "Compensation shall be paid." Akiwa amefundishwa maana ya maneno tu, atafurahi kwamba fidia italipwa. Akiwa amefundishwa kazi ya kila neno, ataona kwamba fidia ndiyo kiima na kwamba mlipaji hayumo. Naye, kabla ya kutia saini, atauliza atalipa nani, na lini.