Kinachorudishwa ni chuma au ni gepu?

Wasomaji wa falsafa mnaijua meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ile ile. Thomas Hobbes, karne ya 17, akazidisha fitina: mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote akaunda meli nyingine, ipi sasa ndiyo ya Theseus? Fumbo zuri, ila ni la seremala wa kufikirika. Ubao unatoka, ubao unaingia, basi. Nafasi iliyopo kati ya ubao na ubao haina anayeiuliza. Ukitaka fumbo hilo liume, lipeleke gereji.

Mimi nililikuta Endagikot, hapa Mbulu, kwenye gereji isiyo na kibao, juu ya benchi lenye injini ya Datsun 1600 SSS. Kwa macho ni gari la kawaida la milango minne. Lakini mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda nalo East African Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakawa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 akashinda tena, safari hii na Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lenye boneti refu kama pua ya mbwa wa kuwinda. Shekhar Mehta akashinda na 240Z mwaka 1973. Injini za magari hayo mawili ni ndugu wa damu: ya 1600 ina silinda nne, ya 240Z sita, lakini zote zina kipenyo kile kile cha silinda, milimita 83, na pistoni zinapanda na kushuka milimita 73.7. Ukielewa ugonjwa wa moja umeelewa wa nyingine.

Gari lilikuwa la marehemu mzee mmoja wa huku. Mwanawe analifufua. Alimwambia fundi anataka lirudi kama baba alivyoliacha.

"Mzee aliliacha linatoa moshi au halitoi?" fundi akauliza.

"Lilikuwa linatoa, mzee. Wa bluu."

"Sasa mwanangu, huo moshi nao nikurudishie?"

Tulicheka, lakini swali lenyewe halikuwa mzaha.

Ndani ya injini hakuna kitu kinachofanya kazi kwa kugusana kikavu. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna nafasi, gereji wanaiita gepu, na kwenye injini hizi ni kama sehemu tatu au nne za mia za milimita moja, yaani karibu nusu ya unene wa unywele. Humo ndimo oili inamoishi. Pistoni ni ya alumini, ukuta ni wa chuma, na alumini ikipata moto inatanuka haraka kuliko chuma. Ukibana sana, injini inanoki ikiwa bado mpya. Ukiacha pana, pistoni inagonga huku na huku kila asubuhi ya baridi, na asubuhi za Mbulu mnazijua, halafu oili inapanda juu na kuungua. Valvu nazo zina hesabu yake: injini ikiwa ya baridi unaseti tapeti 0.20 kwa valvu za kuingizia na 0.25 kwa za kutolea. Ikiwa ya moto ni 0.25 na 0.30. Wengi hudhani joto litapunguza gepu. Hapa linaongeza, kwa sababu silinda hedi ya alumini inakua kuliko valvu zilizomo ndani yake.

Hizo za tapeti ni rahisi, unalegeza nati, unapitisha kipimo, unakaza. Silinda haina nati. Fundi aliingiza geji akakuta upande wa juu, pale ringi zinapoishia na moto ni mkali, ukuta umelika sehemu ishirini za mia, na haukulika sawa: tundu limekuwa na umbo la yai. Ili kulirudisha gepu la kiwandani lazima akwangue zaidi. Chuma kilekile alichokiacha mzee, ambacho mwana anakililia, kipelekwe Arusha kikachongwe hadi 83.5, kisha ziwekwe pistoni kubwa zaidi, mpya. Pistoni za baba zinatoka.

Hapo ndipo kijana alipogoma. Pistoni zile, alisema, ndizo zilizompeleka yeye hospitali kuzaliwa. Akapendekeza sleevu: ukuta mpya uingizwe ndani ya silinda, tundu lirudi 83 kamili, pistoni za zamani zibaki. Fundi akampa moja aishike, akamwonyesha jinsi ringi inavyochezacheza kwenye mfereji wake. Pistoni nayo imelika. Ukuta ungekuwa sahihi na gepu lingebaki la uongo.

Nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa, na nimeelemea upande wa fundi, ingawa si kwa sababu yake. Sababu yake ni kwamba gari lazima litembee. Mimi nasema kile tunachokiita injini ni uhusiano wa vyuma kuliko vyuma vyenyewe. Pistoni iliyo mezani ni kikombe kilichogeuzwa. Inakuwa pistoni ikiwa umbali fulani kutoka kwa ukuta fulani. Umbali huo ukipotea, kila kipande kinaweza kuwa halisi na kitu chenyewe kikawa hakipo.

Wapenzi wa ushairi hamtashangaa. Mhariri wa shairi la kale akikuta mshororo una mizani 15 pale unapodai 16, anajua kuna kitu kimelika njiani, pengine kwenye mkono wa mnakili. Aliyeamini maneno peke yake atauacha. Aliyeamini wimbo atatafuta silabi. Mimi ningeitafuta, na ningesema wazi kwenye maelezo kwamba nimeiweka mimi.

Ila kuna hoja ya kijana nisiyoweza kuifuta. Mlio wa yai ule ni maandishi. Vumbi la miaka hiyo, milima, mizigo, oili iliyocheleweshwa kubadilishwa mwezi ambao ada ya shule ilikuja kwanza, vyote vimeandikwa kwenye ukuta wa silinda, na mashine ya kuchonga inafuta kwa dakika chache. Nissan wanaihifadhi kule Zama, Japani, ile 240Z iliyoshinda mwaka 1971. Na tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, ambako 240Z nyingine zinakimbizwa tena kwenye vumbi la Kenya na Tanzania. Gari la kwanza tunalitaka litoe ushahidi, la pili tunalitaka lifanye kazi. Kulidai gari moja yote mawili, nadhani, ni kulionea.

Kibaya zaidi ni njia ya katikati, na ndiyo inayotumika sana kwa sababu ni rahisi: piga ringi mpya juu ya ukuta uliolika, mwaga oili nzito, puliza rangi, piga picha. Moshi unapotea kwa muda wa kutosha kuuza. Hapo hukumhifadhi mzee na hukumtendea haki mnunuzi. Sheria haitakukamata, maana kadi ya gari inaangalia namba ya injini, na namba imegongwa kwenye bloku. Gepu halina namba.

Kijana alikubali mwishowe, kwa masharti. Pistoni nne alizichukua zikiwa na masizi yake, akakataza zisioshwe. Vipimo vya silinda kabla ya kuchongwa aliviomba viandikwe kwenye daftari, moja baada ya nyingine, juu, katikati na chini. Fundi alinung'unika kwamba hajawahi kuandika vipimo vya kitu kinachotupwa, lakini aliandika.

Injini imerudi kutoka Arusha na imefungwa. Kilomita za kwanza ringi na ukuta zinazoeana, kwa hiyo hairuhusiwi kulikimbiza wala kulibebesha, na mwendo inabidi ubadilishwe badilishwe. Kijana anafanya kazi mbali, akataka kumlipa dereva. Fundi amekataa kutoa ufunguo. Amesema atausubiri mkono utakaoliendesha.