Mgeni wa Tanga, Mgeni wa Dhoruba

Katika Kigiriki cha kale liko neno moja, xenos, lenye maana mbili: mtu asiyejulikana na mtu anayekaribishwa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani neno letu nalo ni hivyo hivyo. Mgeni ni yule tusiyemjua, na mgeni ndiye huyo huyo tunayemtandikia mkeka. Lugha haikuwatenga wawili hao. Tumewatenga sisi, na swali langu ni kwa haki gani.

Nilianza kujiuliza nikiwa majini, katika kiangazi cha 2017, rafiki aliponialika katika mashua yake ya matanga kutoka Chios kwenda Lesbos, kisiwa cha Sappho, mshairi wa kike aliyeishi yapata miaka 2,600 iliyopita. Mimi ni mtu wa Mwimbi, juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya ulezi na maharage. Bahari nimeijulia ukubwani. Upepo wa kaskazini, ambao Wagiriki huuita meltemi, ulitukabili usoni, tukaenda bisho siku mbili, nami nimejifunga boya la rangi ya chungwa lenye filimbi. Tulipofunga kamba bandarini Mytilene, mtu tusiyemjua alituletea maji baridi na tini. Pasipoti ilikuwa mfukoni mwangu, hakuna aliyeitaka.

Kesho yake, karibu na Molyvos, kaskazini mwa kisiwa, nilionyeshwa bonde lililojaa maboya kama langu, maelfu kwa maelfu, mengine madogo ya watoto. Yalikuwa ya watu waliovuka kutoka Uturuki kwa mashua za mpira, masafa ya kilomita kama 10 tu. Mwaka 2015 pekee waliofika Ugiriki kwa bahari walizidi laki nane, na zaidi ya nusu yao walishukia Lesbos. Maji yale yale, upepo ule ule, hata rangi ya boya ile ile. Ila mimi ningeweza kugeuza omo nikarudi nitokako.

Mtu atasema: wa tanga ana ruhusa, wa mpira hana. Ni kweli, lakini ruhusa yenyewe aghalabu hupewa yule aliye na kwao. Basi tunamkaribisha zaidi yule asiyehitaji sana kukaribishwa, na huo, kwa maoni yangu, ni biashara iliyovaa kanzu ya ukarimu. Katika utenzi wa Homer, Odysseus hakufika kisiwani Scheria kwa starehe. Chombo chake kilivunjwa na dhoruba, akatupwa ufukweni uchi; na mfalme Alkinoos alimlisha kwanza, jina akamwuliza baadaye. Bibi yangu pale Mwimbi hakupata kumsikia Homer, lakini nyumbani mwake sheria ilikuwa hiyo: ugali wa ulezi kwanza.

Nayasema haya nikiwa na aibu yangu. Mwishoni mwa 1998 nilipanda meli ya Liemba pale Kasanga, tiketi ya chumba, kwenda Kigoma. Mwaka mmoja kabla meli ile ilikuwa imewarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na hawajavuta pumzi vita vingine vikalipuka Agosti 1998. Kirando tulitia nanga mbali na pwani, mitumbwi ikatuzonga. Mama mmoja akapandishwa na mtoto anayetetemeka kwa homa, akaja kusimama mlangoni pangu.

“Kaka, huyu alale hapo chini tu.”

“Watoka wapi, mama?”

Hakujibu. Alinitazama, akamfunika mtoto kitenge, akarudi kwenye sitaha, kwenye manyunyu. Swali langu halikuwa baya. Lilikaa tu mahali pa uji.

Nikiwa Lesbos nilionyeshwa picha ya mwaka 2015 kutoka kijiji cha Skala Sykamnias: vikongwe watatu wamekaa benchi moja, mmoja amempakata mtoto wa Kisyria na kumnywesha maziwa. Wengi wa kijiji hicho ni uzao wa watu waliovuka mlango huo huo wa bahari mwaka 1922, wakikimbia vita. Vikongwe wale walianza na maziwa.

Hata hivyo nyumba ina kuta, na uji una kiasi chake. Kambi ya Moria, kisiwani humo humo, iliungua Septemba 2020 ikiwa na watu zaidi ya 12,000, ilhali iliandaliwa kwa wasiozidi 3,000. Na wenyeji nao walikuwa wamechoka. Hapo ndipo hukumbushwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Husemwa kwa kejeli, kama njia ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naisoma vingine. Jembe halina maana bila shamba. Anayekupa jembe amekukatia ardhi, amekuhesabu katika watu wa nyumba. Na kambi ambamo mtu hulishwa miaka mingi huku akikatazwa kulima au kufanya kazi, imemnyima siku ya tatu.

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba katika makazi ya Katumba na Mishamo, wakati huo yakiwa bado mkoani Rukwa. Mwaka 2014 wao na wazao wao, wapatao 162,000, walipewa uraia wa Tanzania. Mjukuu wao nikimwuliza leo atokako, atanijibu: Mishamo.