Miwani ya Kuonyesha na Amana ya Jicho



Kijana wetu mmoja wa pwani, asomaye fizikia huko Chepkoilel katika Chuo Kikuu cha Eldoret, ametuletea mas-ala. Ataka kuendelea na ilimu ya mwanga, apate kazi katika kampuni zitengenezazo vioo vya miwani ya kisasa, ambayo mwenye kuivaa huiona njia aendayo na papo hapo huona maandishi na picha juu yake. Babake amkataza, asema hiyo ni kazi ya wapelelezi. Je, ni halali au ni haramu?

Twasema: wanavyuoni hawakihukumu kitu ila baada ya kukijua. Basi na tukijue kwanza. Katika miwani hiyo hutiwa chombo kidogo mno cha kutoa picha. Katika namna mojawapo, mwanga wa picha huingizwa ndani ya kioo chembamba, ukenda kwa mshazari mkubwa hata usiweze kutoka. Wazamiaji wetu wayajua haya: aliye chini ya maji akitazama juu yake sawasawa huona mbingu, walakini akitazama mbali kwa mshazari, huona uso wa maji umekuwa kama kioo cha kujitazamia. Vivyo hivyo mwanga ule hugonga upande huu na upande huu, ukisafiri ndani ya kioo, mpaka ufike penye mistari myembamba isiyoonekana, nayo ikautoa kuelekea jichoni. Mwanga wa nje nao hupenya kama kawaida.

Kazi hii si ndogo. Kampuni ya WaveOptics ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa kutengeneza vioo vya namna hii, ilinunuliwa na Snap ya Marekani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 500. Na ilimu yenyewe si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Misri yapata mwaka 1040, ndiye aliyebainisha katika Kitab al-Manazir ya kwamba jicho halitoi miale, bali huona kwa mwanga utokao kwenye vitu. Kitabu hicho kilitarjumiwa kwa Kilatini na kikasomwa Ulaya karne nyingi. Basi mzazi amzuiaye mwanawe ilimu hii amzuia urithi wa wazee wake mwenyewe.

Ama hukumu: kioo hiki huonyesha, hakipigi picha. Kamera ni chombo kingine, ijapokuwa mara nyingi huwekwa pamoja katika miwani moja. Fundi wa madirisha hana dhambi kwa jirani achunguliaye. Walakini fundi akiambiwa, "Nitobolee tundu lielekee uani kwa fulani," naye akatoboa hali ya kuwa ajua, ameshiriki katika uovu. Basi kazi ya kioo ni halali kwa asili yake. Kijana na aulize chombo chatengenezwa kwa ajili ya nani na kwa kazi gani; akijua ni tundu la uani, na aiache kazi hiyo.

Khofu ya baba nayo yafaa isidharauliwe. Google ilipoiuza miwani yake yenye kamera mwaka 2013 kwa dola 1,500, watu wengi walichukia kuhofia kupigwa picha bila ya kujua, na Januari 2015 uuzaji ule ukasimamishwa. Sisi twalijua jambo hili tangu zamani. Mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamfahamisha ya kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Sura ya An-Nur yatuamuru tuinamishe macho, na Al-Hujurat yatukataza kupelelezana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yahifadhi faragha ya mtu katika kifungu cha 31, na mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kulinda habari zake.

Kwa hivyo mwenye kuvaa miwani hiyo yampasa mambo matatu. Kwanza, asimpige mtu picha ila kwa idhini yake, wala asiingie nayo majumbani na arusini akajifanya yuavaa miwani ya kawaida. Pili, asighushi: mwanafunzi asomaye majibu kiooni katika mtihani amedanganya, hata kama msimamizi hakumwona. Tatu, asiivae katika Swala ikamwonyesha habari za soko hali ya kuwa asimama mbele ya Mola wake.

Faida yake ni kubwa pia. Ipo miwani imwandikiayo kiziwi maneno ya msemaji mbele ya macho yake. Mangapi yampita kiziwi wetu kila Ijumaa, akaketi mbele ya mimbari asipate hata neno moja la hotuba! Lau mtoto wetu atakuja kumfanyia kioo cha kumsomea hotuba kwa Kiswahili, hiyo ni sadaka isiyokatika.

Twamnasihi baba: mwache mwanao asome, nawe muusie. Mwambie ya kwamba sikio, jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Wabillahi ttawfiq.