Ukucha kwa Ukucha: Maana ya Chawa na Kidole Kimoja

Methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa imezoeleka mno katika hotuba za ofisini, ambako hutajwa kila idara mbalimbali zinapotakiwa kufanya kazi moja, na kwa kuzoeleka huko imegeuzwa kaulimbiu ya wingi: waalikwe watu zaidi, iandaliwe warsha, zigawiwe fulana za rangi moja, na umoja uhesabiwe kuwa umekwisha kupatikana. Ufahamu huo unaiacha methali nusu. Chawa havunjwi kwa wingi wa vidole, kwa kuwa hata vitano vikipangwa sambamba, vyote vikielekea upande mmoja, mdudu ataendelea kutambaa. Huvunjika pale tu ukucha unapokutana na ukucha mwingine unaotoka upande wa pili, naye akiwa kati. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuitafuta maana mbali na kwamba wahenga walikusudia ushirikiano tu, lakini kwa ushirikiano mtupu walikwisha kusema kuwa umoja ni nguvu, na hawakuhitaji chawa kuusema tena.

Mahali pa kuupima ufahamu huu ni Voi na kaunti nzima ya Taita Taveta nchini Kenya, ambako zaidi ya nusu ya ardhi imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ambako ndovu aliyeingia shambani si tatizo la idara moja. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliagiza kila kaunti iwe na kamati ya uhifadhi na fidia, yaani chombo kinachowaketisha meza moja Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), maafisa wa kilimo, mifugo na afya, polisi na wawakilishi wa jamii, ili wayapime madai ya vifo, majeraha na hasara ya mali kabla ya kuyapendekeza yalipwe. Sheria hiyo iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo cha binadamu, kiasi ambacho peke yake kinatosha kumwonya mjumbe dhidi ya kupiga muhuri kwa mazoea.

Wajumbe hao hawakukusanywa kwa sababu wanafanana. Afisa wa wanyamapori anajua ni mnyama gani aliyepita, afisa wa kilimo anajua thamani ya mahindi yaliyolala chini, na mwakilishi wa jamii anajua kilichoikumba nyumba ile baada ya mavuno kupotea. Kila mmoja akimwachia mwenzake kwa ajili ya heshima au hofu ya cheo, mkulima wa Sagalla, katika kaunti hiyohiyo, ndiye anayelipia adabu yao. Ukimya wa namna hiyo husifiwa siku hizi kuwa ni moyo wa timu, ilhali ni uvivu na, panapohusika haki ya mnyonge, ni dhambi.

Hukohuko Sagalla uzio wa mizinga ya nyuki, uliotokana na utafiti wa Lucy King kuhusu ndovu wanavyowakimbia nyuki, unaonyesha upande mwema wa kukabiliana huko kwa ukucha na ukucha, kwa kuwa elimu ya mtafiti haikuweza kusimama bila mkulima anayeitunza mizinga na kuvuna asali yake.

Hata hivyo, kukabiliana kuna sharti lake. Kucha zikikutana bila chawa kati yake huumizana zenyewe, na ndivyo zilivyo kamati ambazo mabishano yake yanahusu magari, posho na nani atangulie kuzungumza. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mwenyekiti ni kulitaja tatizo moja kwa jina kabla ya mjadala, na wa pili ni kuhakikisha kwamba hoja ya mjumbe aliyepinga inaandikwa katika kumbukumbu za kikao kwa ukamilifu uleule wa hoja iliyopita, pamoja na jina lake na sababu zake, ili mdai akinyimwa aweze kuisoma.