Wabebaji Wanne



Yule mwenye kupooza wa Marko 2 hakufika kwa Bwana kwa miguu yake. Alibebwa na wenzake wanne. Mimi nilivuta sigara miaka 22, huku nikiwakataza wanafunzi wangu. Mara tatu nilijaribu kuacha peke yangu, nikashindwa. Nilipoungama kwa mke wangu na wazee watatu wa kanisa, ndipo nilipopata wabebaji. Kiu iliponijia, mmoja wao alikaa nami tukazungumza. Baada ya dakika chache ilipita.

Vijana wetu kwenye maduara na makarasha ya Geita huvuta vumbi la mawe pamoja na moshi wa sigara, na vyote viwili huzidisha hatari ya kifua kikuu. Atakayeanguka tusimcheke, tushike tena pembe za godoro lake. Bwana atusaidie. Amina.