Keti Kwanza, Piga Hesabu
(Luka 14:28, Mathayo 20:1-16)



Vijana wa Lobule, hata wa Rhino Camp na Imvepi, wananiuliza: "Mchungaji, nikipata mshahara gani naweza kuhamia Koboko mjini au Arua, nikaishi vizuri na familia?"

Swali hilo si dhambi. Bwana Yesu alimtaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba kwanza aketi ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Basi tuketi. Kodi ya chumba. Mkaa. Karo. Boda boda. Maji, maana mjini kila jerikeni ina bei yake. Na wengi wanasahau hili: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kutembea na kufanya kazi, lakini mgao wa chakula hutolewa hapa makazini. Ulipunguzwa mwaka 2023, ukapunguzwa tena 2025, tulilia sote. Hata hivyo, kile kipande chako cha muhogo ni mshahara usioandikwa popote. Ukihama, kihesabu nacho.

Arua ni jiji tangu Julai 2020. Jina limepanda, mshahara wa mwosha vyombo je? Kima cha chini cha nchi hii kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Fedha hiyo leo hailishi nyumba hata siku mbili. Kwa hiyo uliza jibu kwa tajiri wako kabla hujafunga mizigo, na mbele ya shahidi.

Na wewe ndugu mwenye duka au hoteli, usifunge gazeti. Wale walioingia shambani saa kumi na moja jioni walipewa dinari nzima. Tunahubiri neema hapo, ni kweli, lakini dinari ilikuwa ujira wa siku, chakula cha nyumba moja. Aliyeajiriwa jioni naye alikuwa na watoto wanaongoja. Yule binti wa makazini anayelala jikoni kwako, mwezi huu umempa nini?

Mama mmoja wa kanisa letu alipiga hesabu zake kwa mkaa ukutani, siku tatu. Wakaamua baba atangulie Koboko peke yake, yeye abaki na watoto na shamba hadi mavuno. Baba hurudi Jumamosi. Si rahisi kwao. Tuwaombee.